Kutalii Skyrim kwa Miguu: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale kila wiki. "Kaka, nimeweka Skyrim, ile milima na maporomoko tunayoonyeshwa kwenye picha iko wapi?" "Mbona natembea dakika mbili nauawa?" "Ramani yote hii, nianzie wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Kwa asiyeifahamu: Skyrim ni gemu ya studio ya Bethesda, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011. Jina ni la jimbo lenye baridi kaskazini mwa Tamriel, bara la kubuni. Wengi wanaicheza kwa ajili ya upanga na majoka. Mimi naicheza kama mtu aliyekaa dirishani kwenye basi la mkoani. Nimekulia pwani, theluji sijawahi kuishika, na nyingi niliyoiona maishani niliiona humu.

Huu basi ni mwongozo wa mtalii. Hautakufundisha kuwa shujaa. Ukikumbuka mambo mawili tu, hayo mengine yatajipa: fuata mto, na usiyaamshe majoka. Nitaeleza yote mawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Gemu yenyewe, toleo lolote. Lile la 2011 linatosha, ila Special Edition ya 2016 ina mwanga mzuri zaidi, na miale ya jua kupita kwenye matawi utaiona humo. Ipo ya kompyuta, PlayStation, Xbox na Nintendo Switch. Kwa picha, kompyuta inazishinda zote kwa sababu ina kisanduku cha kuandikia amri, nitakifikia mbele.

Spika za masikioni. Usidharau hili. Muziki wa Jeremy Soule na sauti ya upepo ni nusu ya safari, na maporomoko mara nyingi utayasikia kabla hujayaona.

Muda wa saa moja na robo hivi kwa kila safari. Siku nzima ya ndani ya gemu, usiku na mchana, ni dakika 72 za kwetu, maana saa yao moja ni dakika zetu tatu. Ukiketi muda huo unaona mapambazuko na machweo yote mawili.

Na kama unatumia kompyuta ya mezani, hakikisha umeme upo. Nilishawahi kupanda mlima dakika arobaini bila kusevu, luku ikaisha nikiwa nimebakiza kona moja.

Hatua

1. Toka Helgen, halafu sevu mara mbili.

Gemu inaanza ukiwa umefungwa mikono kwenye mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa katika mji wa Helgen. Utaulizwa wewe ni nani na wa kabila gani. Kwa mtalii nashauri makabila mawili. Argonian, watu wenye umbo la mjusi, wanapumua chini ya maji, kwa hiyo maziwa na mito yote inakuwa sehemu ya ziara. Khajiit, watu wenye umbo la paka, wana uwezo wa kuona gizani. Ukichagua kabila lingine hujakosea, utakuwa tu na safari fupi zaidi ndani ya maji.

Joka litavamia, mji utaungua, utakimbia na Hadvar au Ralof. Yeyote kati yao, njia ni ileile. Mkitoka upande wa pili wa pango, simama. Sevu kwenye nafasi mpya kabisa, kisha sevu tena kwenye nafasi nyingine ambayo hutaigusa. Hiyo ya pili ndiyo tiketi yako ya kurudi ukiharibu mambo.

Kosa la kawaida: kumkimbilia mwenzako. Hana haraka, ukibaki nyuma anasimama kukusubiri. Tazama ng'ambo ya bonde, yale magofu yenye matao juu ya mlima yanaitwa Bleak Falls Barrow. Chini kidogo, kando ya mto, kuna mawe matatu yaliyosimama na tundu katikati. Mto huo ni White River. Ukariri.

2. Usiyaamshe majoka.

Hili ndilo jibu la "mbona nauawa". Ukifika kijiji cha Riverwood utaambiwa uende mji wa Whiterun ukamwambie mtawala, Jarl Balgruuf, kuhusu joka. Nenda Whiterun, mji ni mzuri. Mlinzi wa lango akikuzuia mwambie Riverwood inaomba msaada, atakufungulia. Ukiingia, tembea sokoni, panda ngazi mpaka kwenye ule mti mkubwa mkavu, kisha geuka urudi. Ikulu ya juu iache kwanza.

Sababu ni hii. Habari ya ikulu inakuingiza kwenye misheni ya kutafuta jiwe la majoka. Ukilipeleka jiwe kwa mchawi Farengar, inakuja taarifa kwamba joka limeonekana kwenye mnara wa magharibi, na kuanzia hapo majoka yanaweza kukushukia popote barabarani. Usipopeleka jiwe, anga inabaki ya mawingu na ndege. Unaweza kutembea miezi ya gemu bila kuunguzwa nyusi.

Kuna gharama. Hutapewa Lydia, yule mlinzi ambaye wengi wanamtaka, wala hutajifunza kupaza zile sauti za nguvu. Kwa mtalii naona ni bei nafuu.

3. Tafuta mwenzi wa safari.

Pale Riverwood kuna vijana wawili, Faendal na Sven, wote wanamtaka Camilla wa dukani. Kila mmoja atakupa barua ya uongo ya kumharibia mwenzake. Chagua upande wa Faendal. Mkimaliza ukamwomba akufuate, anakubali bila malipo, na ni mpiga upinde mzuri. Mbwamwitu wengi watalala chini kabla hujawaona.

Fedha ndogo ya njiani pasua kuni, uza kwa Hod pale kinu cha mbao, kila gogo dhahabu 5. Chumba cha kulala nyumba ya wageni ni dhahabu 10. Kwa hiyo magogo mawili ni usiku mmoja, hesabu ambayo hata huku kwetu ingetufaa.

Onyo: usimguse kuku wa kijiji. Ukimuua kuku Riverwood, kijiji kizima kinakugeukia kana kwamba umeua mtu.

4. Safisha kioo.

Ingia kwenye mipangilio. Ugumu weka Novice, hakuna atakayekucheka. Zima alama zinazoelea juu ya malengo, zima alama ya kulenga katikati ya kioo, kisha punguza mwonekano wa maandishi na ile dira ya juu mpaka iwe hafifu au ipotee. Usiogope kupotea. Kwenye kila njia panda kuna kibao cha mbao chenye majina ya miji, na vibao hivyo vinasema kweli. Ramani ya gemu ndiyo inayodanganya: imejaa mawingu na barabara zake hazionekani vizuri.

Kwenye kompyuta, bonyeza Caps Lock uache kukimbia. Mtu wako ataanza kutembea mwendo wa binadamu. Utakereka dakika tano za kwanza, baadaye utaona vipepeo.

5. Safari ya kwanza: Riverwood hadi Whiterun.

Toka kijijini kuelekea kaskazini, mto ukiwa karibu nawe. Ondoka asubuhi. Barabara inateremka kwa kona kona, mto unaanza kupiga kelele kwa sababu unaporomoka kwenye miamba, na misonobari imebana pande zote. Halafu unakata kona moja na miti inaachia. Mbele yako kuna uwanda mpana wa nyasi za rangi ya kahawia, na katikati yake kilima chenye mji, na juu ya mji ikulu ya Dragonsreach. Nimepita kona ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na bado nasimama.

Ukishuka bondeni, karibu na mashamba, huenda ukakuta watu wanapambana na jitu. Kaa mbali, tazama, endelea. Majitu ya uwandani yanachunga tembo wenye manyoya marefu na hayana shida na mtu asiyesogea karibu. Likikuonya kwa kuinua rungu, rudi nyuma. Pigo moja linakurusha angani mpaka unaona mji kwa juu. Mandhari ni nzuri, lakini unafika ukiwa maiti.

6. Safari kubwa: fuata White River mpaka baharini.

Hapa ndipo utamu. White River unatoka Ziwa Ilinalta huko juu magharibi ya Riverwood, unapita Whiterun, unaelekea mashariki, kisha unapinda kaskazini na kumwagika kwenye Bahari ya Ghosts karibu na mji wa Windhelm. Mto mmoja, na kandokando yake karibu kila aina ya nchi iliyomo Skyrim. Gawa siku tatu za gemu.

Siku ya kwanza, zunguka Ilinalta. Ni nchi ya misonobari na ukungu, mvua hainyeshi mbali. Mwenye mtu wa Argonian apige mbizi.

Siku ya pili, kutoka Whiterun shika barabara ya mashariki mto ukiwa kando yako. Bonde linabana mpaka unafika Valtheim Towers, minara miwili iliyounganishwa na daraja la mawe juu kabisa ya maji. Hapo kuna majambazi. Mmoja atakusimamisha akidai ushuru wa kupita. Sevu kabla hujamfikia. Unaweza kulipa, kumbembeleza au kupigana, lakini usiendelee tu kutembea kama hukumsikia, wenzake wa juu wana mishale.

Siku ya tatu barabara inashuka kwenye Eastmarch, na hapa wageni wengi wanafanya kosa la kunyoosha moja kwa moja hadi Windhelm. Kata kusini. Kuna uwanda wa volkano, ardhi imepasuka na ni ya rangi ya mfupa, na kila hatua chache kuna kidimbwi cha maji moto kinachofuka mvuke. Fika jioni. Jua likiwa chini, mvuke wote unageuka rangi ya chungwa, na majitu yanaonekana vivuli tu kwa mbali. Ukikuta wawindaji wamekaa ndani ya maji moto, ni watu wa amani, jiunge nao. Kutoka hapo panda kaskazini. Theluji inaanza kidogo kidogo mpaka barabara yote ni nyeupe, na mwishoni unavuka daraja refu la mawe kuingia Windhelm, mji mkongwe wenye kuta nyeusi.

7. Tumia gari la farasi, usiruke kwa ramani.

Gemu inakuruhusu kubonyeza mahali ulipowahi kufika na kutua hapo mara moja. Mtalii anayefanya hivyo ni kama aliyelala usingizi basi zima. Mbali kukizidi, nenda kwenye zizi la farasi nje ya Whiterun, Windhelm, Riften, Markarth au Solitude, panda gari. Nauli ni dhahabu 20 kwa miji hiyo mikubwa na 50 kwa midogo kama Falkreath au Dawnstar. Ndiyo, midogo ni ghali zaidi, kama huku. Safari yenyewe hutaiona, unafumba na kufumbua umefika, lakini angalau unashukia nje ya mji na kuuingia kwa miguu.

Farasi wa kununua ni dhahabu 1,000. Mimi simpendekezi kwa anayeanza. Anapanda majabali ambayo hakuna farasi wa kweli angeyapanda, na wewe unaishia kutazama majabali badala ya nchi.

8. Panda ngazi 7,000.

Chukua gari hadi Riften. Mlinzi wa lango atakudai kodi ya wageni. Ni utapeli, mwambie hivyo au usiingie mjini kabisa. Shika barabara ya magharibi kupita kando ya Ziwa Honrich. Jimbo hili, The Rift, lina miti yenye magome meupe na majani ya dhahabu, kama vuli isiyoisha. Endelea hadi kijiji cha Ivarstead. Kabla ya kupanda, zungumza na Klimmek, atakuomba umpelekee mzigo wa chakula juu. Mbebee, ni sababu nzuri ya kufika.

Njia inazunguka mlima mrefu kuliko yote, Throat of the World. Ngazi zinaitwa 7,000, ukizihesabu hazifiki. Njiani kuna vibao kumi vya mawe vilivyochongwa maandishi. Visome vyote kwa mfuatano: ukimaliza cha mwisho, wanyama hawatakushambulia kwa siku nzima ya gemu. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi kuliko upanga wowote.

Onyo kubwa la mwongozo huu wote: sehemu njia inapobana kati ya miamba yenye theluji kuna zimwi jeupe la barafu. Limeua watalii wengi kuliko majoka. Sevu mapema. Zimwi linaogopa moto, na kila mchezaji anaanza gemu akiwa na uchawi wa Flames, kwa hiyo weka mkono mmoja tayari na umwache Faendal apige kwa nyuma. Ukifika kwenye jengo la High Hrothgar, weka mzigo kwenye sanduku la nje, kisha geuka utazame ulikotoka.

9. Chagua saa.

Bonyeza T kwenye kompyuta, au kitufe cha kusubiri kwenye pedi, usogeze muda. Angalia saa ya gemu ni ya Kizungu: 6 ya asubuhi humo ni saa kumi na mbili yetu. Nimewahi kumwelekeza mdogo wangu asubiri "saa kumi na mbili jioni" akaweka 12, akatoka saa sita mchana jua la utosi, akasema nimemdanganya. Mapambazuko yafaa kwa Riverwood na The Rift. Usiku wa manane panda kaskazini, Dawnstar au Winterhold, utazame mianga ya kijani inayocheza angani na miezi miwili, Masser na Secunda, ikiwa pamoja.

10. Piga picha.

Gemu haina kamera yake. Kwenye PlayStation na Switch tumia kitufe cha kunasa kioo baada ya kupunguza maandishi kama hatua ya 4. Kwenye kompyuta bonyeza kitufe cha ~ na uandike `tfc 1`: dunia inaganda, na kamera inaruka popote utakapo. Ukiandika `tfc` bila moja, kamera inaruka lakini dunia inaendelea, na mwili wako umebaki pale pale unatafunwa na mbwamwitu. `tm` inaficha maandishi yote. `fov 60` inabana mandhari na kuifanya milima ionekane mikubwa. `Fov 90` inatanua. `set gamehour to 18` inakupeleka jioni bila kusubiri.

Nikikupa ushauri mmoja wa picha: weka mtu wako ndani ya fremu, mdogo, pembeni. Mlima bila mtu haujulikani ukubwa wake.

Mambo yakigoma

*Nimeandika `tm`, sasa kioo ni kitupu na sioni pa kuandika.* Kisanduku cha amri nacho kimefichwa. Bonyeza ~, andika `tm` bila kuona, bonyeza Enter. Kitarudi.

*Natembea kama kobe na siwezi kukimbia.* Umebeba mizigo kupita kiasi. Fungua begi utupe zile panga kumi ulizookota. Mpe Faendal zingine.

*Inakataa kusubiri.* Kuna adui karibu, hata kama humwoni. Sogea mbali kidogo ujaribu tena.

*Njia ya Markarth nashambuliwa kila baada ya mita chache na watu waliovaa ngozi na mifupa.* Hao ni Forsworn, na jimbo la The Reach ni lao. Maporomoko ya huko ni mazuri mno, lakini liache mpaka mtu wako awe amepanda kiwango (level) cha kutosha, au nenda kwa gari ushukie mlangoni mwa mji.

*Usiku sioni kitu.* Nunua mienge, ongeza mwangaza kwenye mipangilio, au lala nyumba ya wageni hadi asubuhi.

*Kompyuta inakwamakwama nikiangalia mbali.* Punguza ubora wa vivuli kwanza, hivyo ndivyo vinavyokula nguvu. Umbali wa kuona vitu upunguze mwisho, maana ndio uliokuleta huku.

*Nimenasa kati ya mawe.* Kwenye kompyuta andika `tcl`, tembea nje kupitia jiwe, kisha andika `tcl` tena. Ukisahau ile ya pili utaendelea kupita kwenye kuta. Kwenye pedi, fungua savu ya karibuni.

*Nilishapeleka jiwe kwa Farengar kabla ya kusoma hapa.* Ile savu ya pangoni uliyoambiwa usiiguse, ifungue.